Neno la Mhariri: Mpeni Msikilizaji Kalamu

Toleo hili limeandikwa na watu ambao hawajawahi kupanda jukwaani. Humu hamna mahojiano na msanii wala habari za nani kahama lebo gani. Kuna maoni ya wasikilizaji. Yupo mwalimu mstaafu anayeeleza kwa nini gita la Mbaraka Mwinshehe likilia redioni ni lazima aache anachokifanya. Yupo fundi cherehani anayeitetea taarab ya Mombasa mbele ya wapenzi wa ile ya Unguja. Yupo kijana anayesema kanda moja ya Bongo Fleva ndiyo iliyomfundisha kusikiliza maneno kabla ya mdundo.

Tulipotangaza mpango huu, wapo wenzetu waliotuuliza kama kweli ni jambo la kujazia jarida zima. Maoni ya shabiki, walisema, ni ya kijiweni. Yasemwe huko na yaishie huko. Sikubaliani nao. Kwetu sisi maoni ya msikilizaji ni sehemu ya historia ya muziki wenyewe, na yakipotea, sehemu ya muziki imepotea nayo.

Angalieni jinsi nyimbo zetu zilivyohifadhiwa. Kwa miaka mingi bendi ya Tanzania ikitaka kurekodi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ulipigwa, ukaingia kwenye tepu, tepu ikawekwa maktaba, na wananchi wakausikia hewani. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, njia hiyo ikazidi kuwa ngumu. Ndiyo maana nyimbo nyingi zilizochezwa nchi nzima hazikuwahi kupata jalada lenye majina ya wapigaji. Hakuna pa kusoma nani alishika solo, nani rizimu, nani alipuliza tarumbeta. Aliyejua ni yule aliyekuwa ukumbini Jumamosi usiku, au aliyetega sikio redioni mtangazaji alipotaja majina. Leo mtafiti anayetaka kujua hayo anabisha hodi kwa wapenzi wa dansi wa Magomeni na Temeke, akipata bahati ya kuwakuta hai.

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad anatuonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaenda Bombay 1928 kuimba nyimbo za Kiswahili kwenye santuri, akafariki 1950. Santuri zile leo si rahisi kuzipata. Wengi wetu tumemjua kwa kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad, alichokiandika Shaaban Robert. Mwandishi huyo hakuwa mpiga udi wala mpiga fidla. Alikuwa mshairi aliyemstahi mwimbaji, akaona maisha yake yanastahili kuandikwa, akaandika. Laiti angejiambia kwamba kumsifu mwimbaji ni porojo za barazani, tungekuwa na jina kubwa na habari chache. Kila msikilizaji anayeandika katika toleo hili anapita njia aliyoifungua Shaaban Robert.

Naijua hoja ya upande wa pili: shabiki hupenda tu, hapimi. Nawaomba wanaoshikilia hoja hiyo wakumbuke Dar es Salaam ya Msondo, yaani JUWATA, na Sikinde, yaani Mlimani Park. Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, mwimbaji Muhidin Gurumo akiwamo, aliyetoka JUWATA, bendi iliyozaliwa 1964 kwa jina la NUTA Jazz, wapenzi wa dansi waligawanyika pande mbili. Ubishi wao haukwisha kwa kusema bendi yangu tamu. Ulitakiwa ueleze: sauti ya mwimbaji Bitchuka inapandia wapi, tarumbeta zinaingia kabla ya kiitikio au baada yake, chemko, ile sehemu wimbo unapochangamka, linaanza lini na tumba zinabadilika vipi hapo. Mwanamuziki akihama, mashabiki waliusikia upungufu kabla hawajaambiwa. Mtu aliyebishana namna hiyo miaka kumi ana elimu, hata kama hana cheti chake.

Na mimi nitoe langu, maana haifai mhariri kuwadai wenzake maoni huku yeye kakaa kimya. Wimbo ni Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Wengi husifu solo, na wana haki. Kwa maoni yangu, ukuu wa wimbo huu uko kwenye besi ya Tom Malanga. Isikilizeni peke yake. Haitembei mfululizo. Inatamka noti chache, inanyamaza, inarudi. Katika pengo hilo ndimo rizimu ya Omar Shabani inamojitokeza, ikizunguka palepale bila pupa. Juu ya utulivu huo mwimbaji anajitetea, na hana haja ya kupaza sauti. Tunamwamini kwa sababu vyombo vilivyo chini yake havina wasiwasi. Ungeijaza besi ile noti nyingi, wimbo uleule ungegeuka malalamiko. Unaweza kunipinga. Ila usinipinge kwa kusema wewe unapenda wimbo mwingine. Rudia kusikiliza, kisha unionyeshe ni wapi nimesikia vibaya. Hapo tutakuwa tunazungumza muziki.

Kipimo hicho ndicho tulichokitumia kuchagua makala. Hatukumuuliza mwandishi kama ladha yake inafanana na yetu. Tulimuuliza amesikia nini. Makala kadhaa zilizosema tu kwamba muziki wa zamani ulikuwa muziki na wa sasa ni kelele tumezirudisha, kwa heshima, na kuwaomba waandishi watutajie wimbo mmoja wa zamani na mmoja wa sasa, kisha waviweke vyombo na maneno yake bega kwa bega. Waliokubali wameandika makala bora kuliko zile za mwanzo. Zilipendwa hazihitaji kulindwa kwa kutukana vijana. Zinahitaji kusikilizwa kwa makini, na vijana nao wanastahili kusikilizwa hivyohivyo.

Maoni ya msikilizaji yana thamani nyingine ambayo mara nyingi hatuioni: yanabeba tarehe yake. Profesa Jay alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, wimbo wa Ndiyo Mzee ulimchora mgombea anayeahidi kila kitu mbele ya umati unaoitikia. Watu waliucheka na kuuimba kwenye daladala. Mwaka 2015 aliyeuimba akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Aliyeusikiliza akiwa mwanafunzi na akausikiliza tena baada ya uchaguzi ule hakusikia kitu kimoja, ingawa hakuna neno lililobadilishwa. Rekodi haiwezi kutuambia jambo hilo. Anayeweza ni msikilizaji aliyeishi na wimbo, akakua nao, na akawa mkweli kuhusu alivyouelewa zamani na anavyouelewa sasa.

Nina wasiwasi juu ya zama hizi, na sitauficha. Wimbo ukitoka leo, jambo la kwanza kuulizwa ni umetazamwa na watu wangapi. Idadi hiyo ina kazi yake kwa msanii na kwa wanaomlipa, lakini haituambii aliyetazama alisikia nini, wala kama alifika mwisho. Albamu nazo zimepungua nguvu. Kanda ilikuwa na upande wa kwanza na wa pili, na ukiweka uliusikiliza ulivyopangwa, hata nyimbo ambazo hukuzinunulia kanda. Wengine tulizipenda nyimbo hizo za pembeni kuliko zile zilizovuma. Sasa wimbo unakuja peke yake, hauna jirani, na mara nyingi jina la mpiga gita halionekani kwenye simu. Tumezungukwa na nyimbo nyingi kuliko wakati wowote, na bado tunarudi palepale tulipokuwa enzi za tepu za redio: asipoandika msikilizaji, haijulikani nani alifanya nini.

Kwa hiyo ombi langu si kwamba msome tu. Mwanamuziki Remmy Ongala alituacha 2010, Gurumo 2014, na waliocheza muziki wao ukumbini nao wanazeeka. Kama nyumbani kwenu yupo baba, mama, shangazi au mjomba aliyekuwa mpenzi wa bendi au kikundi cha taarab, kaeni naye wiki hii. Wekeni wimbo mmoja, si kumi. Muulizeni aliusikia wapi mara ya kwanza, nani alikuwa anapiga nini, na ni sehemu ipi inayomfanya arudie. Yaandikeni majibu yake kama anavyoyasema, hata yakipingana na mnayoyajua. Kisha ongezeni ya kwenu chini yake. Kama wimbo wenu ni wa mwaka huu, andikeni vilevile, kwa sababu baada ya miaka thelathini mtakuwa ninyi ndio mnaoulizwa.

Katika toleo lijalo tumetenga kurasa kwa kazi hizo. Hatutachagua kwa umaarufu wa wimbo wala wa mwandishi. Tutachagua kwa jinsi ulivyosikiliza.