MASHAURI YA MFUGAJI: Kuku Anayekoroma Asipelekwe Sokoni

Mama mmoja wa Chepilat ametuletea barua yenye swali ambalo, bila shaka, wasomaji wengi wangependa kulijibiwa. Anao kuku saba, na fedha za mayai yao ndizo zinazonunua daftari na kalamu za watoto wake. Siku tatu kabla ya kuandika, kuku mmoja, tena yule atagaye vizuri kupita wenzake, alianza kukoroma usiku kama mtu mwenye mafua, na mchana alikuwa akipanua mdomo ili apate pumzi. Shemeji yake amemshauri amuuze upesi siku ya soko, kabla hajafa. Jirani amemshauri amnyweshe maji ya pilipili. Mama anauliza: afuate shauri la nani?

Jibu letu ni kwamba asifuate hata moja, na sababu zake tutazieleza.

Kwanza, yafaa kujua kwamba kuku hapumui kama mwanadamu. Hana kile kiwambo kinachotenga kifua chetu na tumbo. Ili avute hewa, hapana budi kifua chake kipanuke, na hewa hiyo hupita katika mapafu na katika vifuko vya hewa vilivyoenea ndani ya mwili. Basi mtu akimshika kuku mgonjwa kwa kumbana kifua, aweza kumuua huku akidhani anamtibu. Kadhalika, kumnywesha kitu kwa nguvu ni hatari, kwa maana kuku anayetweta hushindwa kumeza sawasawa, na maji huingia katika njia ya pumzi. Pilipili na ibaki jikoni.

Katika nchi ya joto kuku hupanua mdomo ili ajipoze, wala si ugonjwa. Lakini Chepilat ni nchi ya milima, yenye mvua nyingi na usiku wa baridi. Kuku anayepanua mdomo asubuhi penye ukungu hana joto, ana maradhi.

Pili, tutafute chanzo. Mama ameandika kwamba kuku wake hulala jikoni, karibu na mafiga. Desturi hii ni ya wengi, kwa kuogopa baridi na wezi. Lakini moshi huwasha koo la kuku, na mavi yenye unyevu hutoa harufu kali ichomayo macho na mapafu. Matandiko au chakula chenye ukungu huleta ugonjwa wa mapafu pia. Kuku aliyedhoofishwa hivyo hushikwa upesi na maradhi ya kuambukiza.

Katika maradhi hayo, mawili yafaa kutofautishwa. La kwanza ni mafua ya kuku. Uso huvimba, macho hutoa povu, na puani hutoka kamasi yenye harufu mbaya. Huletwa na bakteria, na mganga wa mifugo aweza kutoa dawa ya kuyatibu. La pili ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Hiki huletwa na virusi. Kuku hukoroma na kutweta, huharisha kijani, mabawa hulegea, shingo hupinda, na kuku wengi huweza kufa katika siku chache. Kideri hakina dawa ya kukitibu. Mtu anunuaye vidonge dukani ili akiponye anapoteza fedha yake bure.

Dalili za mwanzo za maradhi haya hufanana, hata mfugaji mzoefu huweza kukosea. Kwa hiyo mama na afanye hivi leo hii. Amtenge kuku huyo mahali pakavu, penye hewa safi pasipo upepo wa moja kwa moja, mbali na wenzake. Ampe maji safi katika chombo chake mwenyewe, na chakula laini. Awahudumie kwanza kuku wazima, ndipo amwendee mgonjwa, kisha anawe mikono kwa sabuni, maana kideri huweza kuwasha macho ya watu. Halafu amwarifu afisa wa mifugo. Tangu 2013 huduma hizi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Na kwa kuwa Chepilat iko mpakani, wa upande mmoja watakwenda kwa maafisa wa Bomet, na wa upande wa pili kwa maafisa wa Nyamira. Akipewa dawa, aulize ni siku ngapi mayai yasiliwe wala kuuzwa. Kuku akifa, asitupwe kichakani wala asipewe mbwa, bali azikwe katika shimo refu au achomwe.

Sasa tuje kwenye shauri la shemeji. Twaelewa kwamba kupoteza kuku ni hasara. Lakini soko la Chepilat hukutanisha watu wa pande mbili. Aitwe ingokiet kwa Kipsigis au engoko kwa Kigusii, kuku ni yule yule, na ugonjwa wake hauulizi mpaka. Kuku mmoja mwenye kideri akiingia sokoni leo, ugonjwa utafika katika nyumba nyingi kabla ya juma kwisha: kwa tenga, kwa viatu, kwa mikono ya wachuuzi. Tena ugonjwa huohuo utarudi kwa aliyemuuza, ndani ya kuku mwingine atakayemnunua. Je, fedha ya kuku mmoja yafaa kununuliwa kwa daftari za watoto wa majirani?

Mwisho, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kideri hakitibiki, lakini chazuilika kwa chanjo. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa yapaswa kutunzwa mahali pa baridi na mbali na jua. Tone moja katika jicho la kila kuku latosha, nalo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanjo hupewa kuku wazima. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Majirani wakichanga pamoja na kuchanja siku moja, gharama hupungua na kinga huenea. Na kila kuku mgeni, hata akiwa zawadi ya mkwe, atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Basi mama, kuku wako akipona, mjengee kibanda kidogo kilichoinuliwa kutoka ardhini, chenye paa lisilovuja na matundu ya hewa juu ya ukuta. Akifa, umepoteza mmoja. Lakini ukimtenga leo, waweza kuwaokoa sita, pamoja na wale wa majirani zako. Hiyo si hasara tupu.

Kwaherini hata juma lijalo.