Wagonjwa waliokataa kuambiwa wajikaze

Nikiposti kuhusu Physics Girl, yule dada wa YouTube aliyefanya fizikia ikaingia vichwani mwetu, komenti huwa ni zile zile. Nyingi ni za pole. Dianna Cowern, hilo ndilo jina lake, alipata Covid mwaka wa 2022 na badala ya kupona akaishia kitandani kwa muda mrefu, akawa hawezi hata kuketi, mume wake ndiye alikuwa anamhudumia. Lakini kuna wasee huuliza: mbona wagonjwa wa huu ugonjwa wanapenda kubishana na mashirika ya afya ya serikali? Si hao ndio wale wa kupinga chanjo?

Zii. Mnachanganya vitu viwili, na acha nieleze kwa nini.

Ugonjwa unaitwa ME/CFS, na wengi huutafsiri kama uchovu sugu. Mimi naona ni jina baya sana. Uchovu ni ule wa kukwama kwa jam ya Rongai saa tatu, ukilala unaisha. Huu hauishi kwa kulala. Alama yake kuu ni kwamba ukipitisha kipimo chako, na kipimo chenyewe kinaweza kuwa kuoga tu au kuongea kwa simu, mwili unaanguka, mara nyingi kesho yake au kesho kutwa, na unaweza kukaa chini wiki nzima. Kwa wengi huanza baada ya maambukizi, ile homa ambayo wengine wote waliipata wakapona. Mwaka wa 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 wanao, na wengi wao hakuna daktari amewahi kuwaambia.

Sasa twende kwa serikali. Katikati ya miaka ya 1980, watu wa Incline Village, mji mdogo kando ya ziwa Tahoe kule Nevada, walianza kuugua kwa wingi na hawakupona. Madaktari wawili wa hapo, Paul Cheney na Daniel Peterson, wakaita CDC, shirika la serikali la kudhibiti magonjwa. Wataalamu wakatumwa, wakapima, wakarudi zao bila jibu. Mwaka wa 1988 kikatoka kile ambacho wagonjwa walipewa, yaani jina: sindromu ya uchovu sugu. Magazeti nayo yakafanya ionekane ni mafua ya vijana wenye pesa waliochoka na maisha. Hebu fikiria hujaweza kutembea hadi choo, na nchi inakucheka.

Hapo ungeweza kusema, sawa, sayansi ni ngumu, walikosea tu. Lakini kuna mambo ya pesa.

Wagonjwa walisukuma Bunge la Marekani litenge pesa za utafiti, na CDC ikaambia Bunge kwamba zinafanya kazi hiyo. Mwaka wa 1998 William Reeves, aliyekuwa anaongoza utafiti wa ugonjwa huo ndani ya CDC yenyewe, akasema hapana, hazifanyi. Ukaguzi wa serikali ukatoka 1999. Kati ya dola milioni 22.7 zilizoandikwa kuwa za ugonjwa huu kuanzia 1995 hadi 1998, milioni 8.8 zilienda kwa kazi zingine. Milioni 4.1 zingine hakuna aliyeweza kueleza vizuri zilikoenda. Hizi si stori za jaba, ni ripoti ya mkaguzi. Mkenya aliyeishi 2020 na akasikia neno Kemsa sidhani anahitaji kufafanuliwa zaidi.

Uingereza ndiko mambo yalinikasirisha hata zaidi. Kulikuwa na jaribio kubwa linaloitwa PACE, wagonjwa 641, karibu pauni milioni tano. Matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka wa 2011, na 2013 wakaongeza kwamba kwa tiba ya mazungumzo au mazoezi ya kuongezwa polepole, asilimia 22 walipona. Mmoja wa waliolipia jaribio hilo ni wizara inayoamua nani apewe pesa za walemavu. Sisemi walipanga njama. Nasema ukiwa mgonjwa unaona hiyo orodha ya wafadhili, utauliza swali.

Na wagonjwa waliuliza. Walisoma karatasi wakiwa wamelala gizani, wengine kurasa mbili tu kwa siku, wakaona kitu cha ajabu. Ili kuingia kwenye jaribio, alama yako ya uwezo wa mwili ilipaswa kuwa 65 au chini yake, kati ya 100. Ili kuhesabiwa umepona kwa kipimo hicho, ilitosha kufika 60. Yaani unaweza kuingia ukiwa mgonjwa, ukazidi kuwa mgonjwa, na hapo ukafuzu. Mpango wa mwanzo ulisema 85. Waliushusha baadaye.

Wakaomba data. Wakaambiwa wanasumbua watafiti, wakaitwa watu hatari. Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, aliipeleka hiyo kesi hadi mwisho, na Agosti 2016 baraza la rufaa likaamuru chuo kikuu cha Queen Mary cha London kitoe namba. Zilipohesabiwa upya kwa vipimo vya mwanzo, waliopona kwa mazoezi walikuwa kama asilimia 4, na wale ambao hawakupewa tiba yoyote ya ziada asilimia 3.

Hapo ndipo tofauti na mpinga chanjo inaonekana. Mpinga chanjo ukimpa namba anazikataa. Hawa walikuwa wanazililia.

Mwaka wa 2017 CDC ikaondoa ushauri wa hayo mazoezi kwenye tovuti yake, na Oktoba 2021 NICE, shirika la Uingereza linaloandika miongozo ya matibabu, likaacha kuyapendekeza. Miaka yote hiyo kuna watu waliambiwa wajikaze, wakajikaza, wakaishia kitandani kabisa.

Kutoamini kuna gharama, sitawadanganya. Mtu akishachoka na hospitali huwa windo rahisi la wauza dripu za vitamini na "tiba za ubongo" za mtandaoni, na hao hawaonei mtu huruma. Lakini dawa ya hilo si kumwambia mgonjwa aache kuuliza.

Hata sai haijaisha. Februari 2024, NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya Marekani, ilitoa utafiti uliochukua miaka mingi na kupima wagonjwa 17 tu. Kulikuwa na mambo mazuri ndani, kama tofauti walizoona kwenye kinga ya mwili. Halafu watafiti wakaandika kwamba shida moja ni jinsi wagonjwa wanavyochagua kiasi cha kujituma. Neno wametumia ni la kitaalamu na wameeleza kwamba hawakumaanisha uvivu. Wagonjwa walisoma sentensi hiyo moja wakaanza kuuliza maswali tena.