Kuosha ndege wenye mafuta: gharama ni ya nani?

Juni 23, 2000, meli ya Treasure iliyobeba madini ya chuma kutoka Brazil kwenda China ilizama karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Ilikuwa na takribani tani 1,300 za mafuta ya mitambo yake. Mafuta hayo yalifika visiwa vya Robben na Dassen, wanakozaliana pengwini.

Mvuvi au mchuuzi wa samaki anaweza kuuliza pengwini wanamhusu nini. Wanamhusu, kwani hesabu ya kuwaokoa ina somo kwa kila anayeishi kwa kutegemea bahari.

Manyoya ya ndege wa majini ni kama paa la makuti: yakipangana vizuri, maji hayapenyi. Mafuta yakiingia, mpangilio huvurugika, maji ya baridi hufika kwenye ngozi na ndege hupoteza joto. Akijisafisha kwa mdomo, humeza sumu.

Tiba yake haianzi na sabuni. Ndege dhaifu akioshwa mara moja anaweza kufia mikononi. Kwanza hupashwa joto, hupewa maji na chakula hadi apate nguvu. Ndipo huoshwa kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya kuoshea vyombo, beseni baada ya beseni. Kusuuza kunahitaji uangalifu zaidi, kwani sabuni ikibaki, manyoya hayakingi maji. Kisha huwekwa bwawani hadi ithibitike kuwa halowi tena.

Pengwini wapatao 19,000 walipitia njia hiyo, na zaidi ya asilimia 90 waliokolewa. Kazi ilichukua takribani miezi mitatu na maelfu ya watu waliojitolea. Kiuchumi, nguvukazi hiyo si ya bure. Ni gharama ambayo haikuandikiwa hundi.

Wengine wapatao 19,500, ambao hawakuwa wamepakaa mafuta, walisafirishwa hadi Port Elizabeth, ambayo sasa inaitwa Gqeberha, wakaachwa warudi kwa kuogelea. Wakiwa njiani, bahari ya kwao ilisafishwa. Safari moja ya lori iliepusha wiki kadhaa za dawa, samaki wa kuwalisha na maji ya moto. Kinga iliishinda tiba.

Kwetu suala hili si la mbali. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, mahali palipopangwa meli kupakia mafuta ghafi.

Ikumbukwe kwamba Kenya na Tanzania ni wanachama wa mfuko wa kimataifa wa fidia ulioanzishwa kwa mkataba wa 1992. Meli ya mafuta ikichafua bahari, gharama za haki za kusafisha fukwe na hata kuosha ndege zinaweza kudaiwa. Mvuvi, mkulima wa mwani na mwenye hoteli nao wanaweza kudai mapato waliyopoteza. Meli za mizigo kama Treasure zina mkataba wake, wa 2001.

Hata hivyo, fidia hulipwa kwa ushahidi, na dai huwa na ukomo wa miaka 3 tangu hasara itokee. Mvuvi asiyeandika kilo alizouza atathibitishaje alichopoteza?

Hivyo, vikundi vya wavuvi vianze kutunza daftari la mauzo sasa. Nazo halmashauri za pwani zijue mapema ndege watapelekwa wapi, nani atawaosha na maji ya moto yatatoka wapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.