Boti ya mkopo isiachwe iliwe na chumvi

MIALO ya mkoa wa Tanga, kuanzia Moa wilayani Mkinga, Deep Sea na Sahare jijini, hadi Kipumbwi wilayani Pangani, sasa ina boti za faiba zenye mashine zikielea jirani na mashua na ngalawa. Baadhi zimenunuliwa na matajiri wa uvuvi. Nyingine zimetolewa na serikali kwa vikundi vya wavuvi, kwa mkopo wenye masharti nafuu.

Hatua hiyo ni nzuri. Lakini mkopo wa boti hulipwa kwa samaki, na samaki hawavuliwi na boti iliyolala ufukweni.

Mwenye mashua ya mbao hahitaji kufundishwa jambo hili. Tangu zamani hukipandisha chombo wakati wa bamvua, akakitia kalafati na kukipaka shahamu. Anajua kuwa asipofanya hivyo, maji yataingia. Faiba humdanganya mwenyewe kwa sababu haiozi. Ni rahisi kuamini kwamba boti nzima haihitaji matunzo.

Kinachoharibika ni vifaa vya alumini: vishikio vya kamba, fremu ya turubai, mabano na mguu wa mashine. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, bali hutoa unga mweupe na rangi huvimba malengelenge. Chini yake kuna mashimo. Hali huwa mbaya zaidi pale alumini inapofungwa kwa boliti za chuma cha pua au shaba, kwani metali mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa. Hapo dhaifu ni alumini.

Kupaka rangi juu ya unga huo ni kuficha ugonjwa. Kifaa kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, rangi iliyolegea ikwanguliwe, kisha kipigwe msasa hadi metali ing'ae. Brashi ya waya wa chuma isitumike, maana huacha chembe zinazoanzisha kutu upya. Rangi ya msingi ya alumini ipakwe siku hiyo hiyo, na rangi ya juu ifuate mara mbili. Boliti zirudishwe na vipande vya mpira au plastiki katikati. Rangi yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe wa baharini kunata chini ya boti, isiguse alumini kabisa. Kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mashine kisipakwe rangi. Kazi yake ni kuliwa badala ya mashine, na kibadilishwe kabla hakijaisha.

Kazi hii inahitaji siku kavu, hivyo ifanyike kabla ya masika kuanza mwezi Machi.

Swali ni fedha zitoke wapi. Kwa desturi ya pwani, baada ya kutoa gharama za mafuta, mapato hugawanywa kwa mafungu, na chombo huwa na fungu lake. Katika vikundi vingi fungu hilo huonekana kuwa la kulipia mkopo tu. Ni busara sehemu yake itengwe kila safari kwa ajili ya matengenezo, na iandikwe kwenye daftari la kikundi kama yanavyoandikwa mafuta.

Watoaji mikopo nao wana wajibu. Mkataba wa boti uwe na ratiba ya matunzo, na vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vikague vyombo. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), wenye kampasi Mbegani, Bagamoyo, unaweza kutumika kuwapa vijana wa Tanga ufundi huu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kopo la rangi na karatasi chache za msasa ni gharama ndogo kuliko mashine iliyochomoka kwenye mabano wakati wa kusi, watu wakiwa mbali na nchi kavu na deni likiwa bado benki.