MAONI YETU: Anayechagua Kipuri Siye Anayeshika Usukani



Madereva, mataniboi na mafundi wa njia ya Merti wameleta shauri moja mbele ya chama, nasi twaona linafaa kusemwa wazi. Gari lenye bima likipata ajali, ni nani achague vipuri vya kulitengenezea? Leo hii anayechagua ni kampuni ya bima, kwa kalamu ya mkadiriaji wake. Anayelipa ada ya bima ni tajiri mwenye gari. Lakini anayekaa nyuma ya usukani gari likirudi barabarani ni mfanya kazi, na yeye haulizwi hata neno moja.

Kwanza na tuelewane juu ya maneno. Watu husema "spea feki" na kutia kila kitu katika kapu moja, na hivyo huwapa wakubwa wa bima nafasi ya kutucheka. Vipuri ni vya namna nyingi. Kuna kipuri cha asili, kinachouzwa na mwenye kiwanda cha gari katika boksi lake. Kuna kipuri cha kiwanda kile kile kinachomtengenezea mwenye gari, lakini kimetiwa katika boksi la jina jingine na bei imeshuka. Kuna kipuri cha kuiga, kilichotengenezwa na mtu mwingine ili kiingie mahali pa kile cha asili. Cha namna hii kiko kizuri na kiko kibaya. Kuna kipuri kilichotumika, kilichofunguliwa katika gari jingine, ambacho sisi twakiita eksi Japani. Mwisho kuna kipuri cha bandia, kinachovaa jina la mwingine ili kudanganya. Hicho cha mwisho ni hatia, na Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu mwaka 2008.

Basi hatusemi kwamba kila kisicho cha asili ni kibaya. Mlango wa eksi Japani waweza kukaa vizuri kuliko mlango mpya wa kuiga. Bampa la kuiga likipasuka, hasara ni bampa. Lakini mkono wa usukani ukikatika, au bomba la breki likipasuka, au springi ikivunjika lori likiwa limejaa ng'ombe na mbuzi wa mnada wa Merti, hasara si ya chuma tena. Hapo ndipo tunapotofautiana na kampuni, maana karatasi ya mkadiriaji mara nyingi huviweka vyote hivi katika safu moja ya bei.

Wala barabara zote si moja. Kipuri kinachoweza kuishi miaka miwili katika lami ya Nairobi huenda kisimalize msimu katika njia ya Merti. Kutoka mji wa Isiolo hadi Merti ni mwendo mrefu, na sehemu kubwa haina lami. Kuna mawimbi ya changarawe yanayolegeza kila nati, kuna mawe, kuna mchanga, na kuna malaga ambayo mvua ikinyesha hujaa maji kwa ghafula. Kati ya kijiji na kijiji hakuna duka la vipuri, na mahali pengi hakuna hata simu inayoshika. Chuma kikikatika huko, dereva na taniboi wake hulala porini na mzigo unaokufa kwa kiu.

Kampuni zina maneno yao, na haki ni kuyasikiliza. Zasema kwamba bima ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya ajali, wala si kumtajirisha. Lori la miaka kumi na mitano lilikuwa na vipuri vilivyochakaa. Kwa nini lipewe vipya vya asili kwa fedha za wenye bima wengine wote? Ndiyo maana nyingine humtaka mwenye gari aongeze fedha zake akipewa kipya mahali pa kikuukuu. Zasema pia kwamba bima ya magari ina hasara nyingi na udanganyifu mwingi. Hilo nalo lina ukweli. Tuliona United Insurance ikiwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, na waliokuwa wakidai fidia wakabaki na karatasi mkononi. Kampuni ikifa, mfanya kazi aliyeumia hapati kitu. Hatutaki zife.

Lakini kumrudisha mtu pale alipokuwa maana yake nini? Ikiwa gari lilikuwa na breki zenye nguvu kabla ya ajali, basi lirudi na breki zenye nguvu ile ile. Kipuri chenye umbo lile lile na nguvu nusu hakikumrudisha mtu mahali pake, kimemshusha.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme kipuri cha asili ni Sh. 40,000/-, na cha kuiga ni Sh. 15,000/-. Kampuni imeokoa Sh. 25,000/-. Baada ya miezi minne kile cha kuiga chavunjika njiani. Lori lakwama siku nne, mbuzi kadhaa wafa, fundi aitwa kutoka Isiolo, na kipuri chanunuliwa upya. Je, kampuni italipa? La! Itasema hiyo si ajali, ni uchakavu. Tajiri naye atatafuta wa kumlaumu, na aliye karibu ni dereva: "Wewe waendesha vibaya." Akikatwa mshahara, ile Sh. 25,000/- iliyookolewa mjini imelipwa na mtu wa mshahara mdogo kuliko wote. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Na likipinduka, mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Trafiki, Sura 403, yakataza gari bovu kuendeshwa barabarani, na anayekutwa kwanza na askari ni yule aliyeshika usukani. Mkadiriaji hayuko pale. Karatasi yake ya bei haimo ndani ya gari.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Illinois, Marekani, wenye bima waliishtaki kampuni ya State Farm kwa kutengeneza magari yao kwa vipuri visivyo vya asili. Mwaka 1999 walishinda, na malipo yaliyoamriwa yalipita dola bilioni moja. Lakini mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo ilitengua hukumu hiyo yote. Sababu mojawapo ni kwamba maneno ya mikataba ya wenye bima hao hayakuwa sawa. Fundisho kwetu ni hili: anayeingia vitani na mkataba asiousoma ameshindwa kabla ya kuanza. Na katika majimbo mengi ya Marekani kampuni hulazimishwa na sheria kumwambia mwenye gari kwa maandishi kwamba kipuri si cha asili.

Hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akidhurika kwa ubovu. Haki hiyo ipo. Iliyobaki ni kuidai. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo chama kinawashauri wanachama hivi:

1. Mwenye gari, na wako wanachama wetu wenye pikapu na teksi zao, asome mkataba wa bima kabla ya kulipa, si baada ya ajali. Aulize: mkataba wasema nini juu ya vipuri? Jibu lake alitake kwa maandishi.

2. Gari likienda gereji, idaiwe orodha ya vipuri vyote, na mbele ya kila kimoja iandikwe: cha asili, cha kuiga, au kilichotumika. Vipuri vya breki, usukani, magurudumu na mikanda visikubaliwe gizani.

3. Mtu asitie sahihi ile karatasi ya kukiri kwamba ameridhika mpaka gari limeendeshwa na dereva wake na kutazamwa na fundi anayemwamini. Sahihi hiyo ni kufuli.

4. Kampuni ikikataa kusikia, malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, yakiwa na nakala za karatasi zote.

5. Dereva akiona gari ni la hatari, amwambie msimamizi wake mara moja, na aandike. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kumrudisha mfanya kazi penye hatari kubwa iliyo karibu kabla haijaondolewa.

Na sisi viongozi tuna kazi yetu. Katika mazungumzo yajayo na waajiri tutadai neno moja litiwe katika mapatano: gari lolote likitoka gereji baada ya ajali, dereva apewe nakala ya orodha ya vipuri vyake, na hasara itokanayo na kipuri hafifu isikatwe katika mshahara wake. Neno hili halimgharimu tajiri mwema hata senti. Atakayelikataa atatueleza anaficha nini.

Matawi yote yalijadili shauri hili katika mkutano wao ujao na kuleta maoni yao kwa maandishi. Madereva walio na orodha za gereji wazilete zinakiliwe. Bila karatasi hatuna kesi, tuna manung'uniko tu.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI