Madaktari wetu wafundishwe na foleni

Wadau, mwaka jana nilimkimbiza mpwa wangu hospitali moja kubwa hapa mjini. Umri miaka 2, homa kali, anapumua kwa shida. Tukapanga foleni ya faili, ya kulipia, kisha ya daktari.

Daktari kijana, anayesomea ubingwa wa watoto, alipomwona tu aliruka kitini. Oksijeni, dripu, sindano. Dakika 10 kazi imekwisha. Tatizo ni zile saa mbili na nusu tulizokaa nje ya mlango wake!

Baadaye nikamuuliza kuhusu foleni. Akajibu, "Kaka, hayo ni ya utawala. Sisi hatukufundishwa."

Hapo ndipo ninapobisha. Kama mtoto anazidiwa kwenye benchi, benchi nalo ni sehemu ya tiba. Daktari bingwa afundishwe kupima muda toka getini hadi dozi ya kwanza, abadilishe jambo moja, apime tena. Likisaidia, libaki. Lisiposaidia, ajaribu jingine.

Najua mtasema tatizo ni umaskini. Haya, twendeni Blantyre, Malawi, ambako hakuna utajiri wa kutuzidi. Hospitali ya Queen Elizabeth ilipanga upya mapokezi ya watoto: wahudumu wakafundishwa kumtambua mahututi akiwa bado kwenye foleni, na tiba ya dharura ikaanzia hapo hapo. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2006 zinasema vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa pale. Ni mpangilio tu.

Sasa pendekezo langu. Kila anayesomea M.Med. anaandika tasnifu. Nyingi zinaeleza tatizo, zinapigwa jalada gumu, zinalala maktaba. Kwa nini asipewe alama kwa tatizo alilolipunguza wodini, akishirikiana na manesi na karani wa faili? Wakubwa wengine watanuna, maana kupima ni kuumbuana. Wanune.

Mpwa wangu alipona, siku hizi anavunja vikombe tu. Wiki iliyopita nilipita pale kutafuta habari. Foleni nimeikuta pale pale, na akina mama wamewabeba watoto wanaopumua kwa shida.

Jamani, tunasubiri nini?