Kisenyi Haionekani Vizuri Kutoka Mnarani

Mgeni akija Kampala hupandishwa mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala, uliofunguliwa mwaka 2008. Huko juu huonyeshwa vilima: Namirembe, Rubaga, Mengo, na Kasubi yenye makaburi ya Makabaka yaliyoungua mwaka 2010. Halafu huonyeshwa mabati yaliyobanana pale chini. “Kisenyi ile.” Basi, watu wanashuka, wanapanda gari.

Nani aliamua kwamba historia lazima ikae kilimani? Miaka ya 1950 watafiti Southall na Gutkind waliiona Kisenyi inastahili utafiti mzima, wakaandika kitabu kuhusu wakazi wake na wale wa Mulago. Leo pana Wasomali na mahoteli yao, wasaga mahindi, wauza vipuri, na Kiswahili cha kupatana bei ambacho hakuna mtu anayekisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Lakini sisi wanafunzi wa Kiswahili tunachangishana nauli kwenda Mombasa kupiga picha na mizinga ya Fort Jesus. Sikatai, ngome ile ni ya kuonwa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na mwakani bado itakuwepo. Kisenyi nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa ya maduka yanapanda, na wazee wanaojua nani aliishi wapi wanahama au wanazikwa bila kuulizwa lolote.

Wahadhiri wetu, ziara ijayo iwe huko. Twende na madaftari, tukae, tusikilize. Kutoka mnarani ni mwendo wa miguu tu.